Funga, Falone

Salvator Habonimana hakuwa mtu wa kukaa kwenye benchi, na hiyo ni kasoro kubwa kwa mtu ambaye kazi yake ni kukaa kwenye benchi. Alikuwa kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya chuo kimoja cha magharibi ya Sydney. Kila Jumamosi, mechi ikianza tu, alikalia ukingo wa kiti kwa dakika mbili, tatu akijitahidi sana, kisha huyo, yuko kwenye mstari wa chaki. Anakwenda, anarudi, anavua kofia, anaivaa, anamsemesha mwamuzi wa pembeni ambaye hakumuuliza kitu. Wachezaji walikuwa wamemzoea. Waamuzi hawakuwa wamemzoea, na msimu huo peke yake alikuwa ameshaonyeshwa kadi tatu za njano, jambo ambalo kwa msaidizi ni aibu.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kumi na minne kati ya hiyo alikuwa msaidizi wa mtu fulani. Alimsaidia Mgiriki mmoja kufundisha watoto wasiozidi miaka kumi na miwili. Akamsaidia mchungaji na timu ya kanisa. Akasaidia klabu moja ya Seven Hills ambako kazi yake kubwa ilikuwa kujaza mipira upepo na kutafuta koni zilizopotea. Hata ghalani Wetherill Park, alikoendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, cheo chake kilikuwa msaidizi wa msimamizi wa shifti. Mkewe, Emerance, alikuwa na mzaha wake: siku Mungu akimwita Salvator mbinguni, atapewa nafasi ya msaidizi wa Petro mlangoni, na hata pale hatakaa kwenye kiti.

Mpira alijifunzia kambini, Kigoma, alikolelewa baada ya wazazi wake kuikimbia Burundi. Kulikuwa na uwanja wa vumbi na redio moja ya betri, na kila mechi ya ligi ya Tanzania ilisikilizwa na watu mia wakiwa wamesimama. Mpaka leo, mpira kwake ulikuwa na sauti ya watangazaji wale. Mazoezini alifundisha kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, lakini damu ikimchemka, kilichomtoka mdomoni kilikuwa Kiswahili cha redio ya kambi.

Mwaka huu mambo yalikuwa yamekaa vingine. Kocha mkuu, Kerryn, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa anahamia Perth mara mechi za ligi zikiisha, na chuo kilikuwa kimeamua kuchukua mmoja wa wasaidizi wake wawili. Ni kazi ya mkataba, ya kutwa, yenye ofisi na jina mlangoni. Salvator aliitaka kazi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu siku waliposubiri karatasi za kupanda ndege. Hakuwa anaona haya kusema. Aliisema nyumbani, aliisema garini peke yake, aliwahi kuiambia foklifti.

Msaidizi wa pili alikuwa Bahizire, Mkongo wa Bukavu aliyefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Bahizire alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, na angeweza kukaa kwenye benchi mikono kifuani mpaka nyasi zimwotee viatuni. Kwenye ripoti ya mwaka, Kerryn aliandika kwamba Bahizire anawatuliza wachezaji. Kuhusu Salvator aliandika kwamba anaujua mpira kuliko wote wawili, yeye Kerryn akiwemo, lakini lazima ajifunze kutulia. Salvator aliisoma sentensi hiyo mara nyingi sana. Sehemu ya kwanza ilimpa furaha kwa siku moja, na sehemu ya pili ikamkosesha raha miezi mitano.

Mechi ya mwisho ya ligi Kerryn aliigeuza mtihani. Kipindi cha kwanza kingekuwa cha Bahizire, cha pili cha Salvator, na yeye angekaa kimya. Sare ilitosha kuwaingiza kwenye nusu fainali. Bahizire alimaliza kipindi chake kwa sare ya bao moja kwa moja, timu imetulia, na yeye akarudi kukaa kama mtu aliyetoka kunywa maji.

Zamu ya Salvator haikuwa hivyo. Alitembea kilomita nyingi kuliko winga wake. Dakika ya themanini na tisa, bado moja kwa moja, wapinzani wakapiga kona, mpira ukaokolewa ukamwangukia Falone.

Falone alikuwa beki wa kushoto, binti wa miaka ishirini na miwili anayesomea uuguzi, Mkongo wa Uvira aliyekuja Australia na mama yake akiwa na miaka kumi. Ni mmoja wa wale wachezaji ambao miguu yao inafikiri kabla ya kichwa. Mbele yake hapakuwa na mtu. Wapinzani wote walikuwa wamepanda kwenye kona, na ubavu mzima wa kushoto ulikuwa mtupu mpaka kwa kipa. Falone aliinua kichwa, akaona, akaanza kukimbia. Salvator naye aliona, na yule mtangazaji wa kambini akamtoka kifuani.

"Funga, Falone! Funga! Funga!"

Falone akasimama. Akageuka na mpira, akampasia kipa wake, akarudi mbio kwenye nafasi yake huku akiwapungia wenzake mikono warudi nyuma. Kipa akaubutua nje. Dakika mbili baadaye filimbi ikalia.

Salvator alitupa kofia chini. Alikuwa na hasira za kweli. Bao lilikuwa pale! Mtoto wa miaka mitano angelifunga! Aligeuka kumtafuta Falone amwulize amerogwa na nani, na badala yake akakutana na kifua cha Kerryn, aliyemkumbatia mpaka mbavu zikauma.

"I was sure you'd send her, Sal," Kerryn alimwambia. "I would've sent her. That took some nerve, mate."

Salvator hakuelewa. Bahizire alikuwa nyuma ya Kerryn, anacheka kwa furaha isiyo na hila hata kidogo.

"Mama Kerryn aliniuliza unasema nini," alieleza. "Nikamwambia, Salvator amesema tufunge mchezo. Ndugu yangu, miye singeweza. Ningemwacha yule binti aende. Weye njo kocha."

Hapo ndipo lilipomwingia. Kwa Bahizire wa Bukavu, na kwa Falone wa Uvira, funga ni funga: unafunga mlango, unafunga duka, unafunga mchezo. Hakuna aliyekuwa amesikia goli. Walikuwa wamemsikia mtu mzima, mwenye busara, akiamuru timu ijilinde na kuishika sare yake. Alifungua mdomo aeleze. Wachezaji wakamvamia wakimrushia maji, mwenyekiti wa wazazi akampa mkono, na Salvator akafunga mdomo. Alijiambia ni kwa leo tu.

Kesho yake, Jumapili, alikuta ameshakuwa mtu mwingine. Binti yake Irambona, wa miaka kumi na miwili, alimletea simu mezani nyumbani kwao Minto. Mtu alikuwa amerekodi dakika ile kutoka jukwaani. Sauti ya Salvator ilisikika wazi, Falone akageuka, na chini yake mtu ameandika kwa Kiingereza maana ya neno lile, kimakosa, kwamba ni kujilinda, pamoja na jina jipya la Salvator: Mister Calm.

"Dad, you're famous," alisema Irambona.

"Huyo aliyeandika hajui Kiswahili."

"Whatever. It's got heaps of likes."

Emerance aliitazama video mara moja tu. Yeye pia alilelewa Kigoma. Aliweka simu chini, akamtazama mumewe, akaanza kucheka mpaka akashika meza.

"Baba Irambona! Wewe ulitaka goli!"

"Usipige kelele."

"Mister Calm! Mtu anayeamka mara nne kuangalia kama gari limefungwa!"

Alipomaliza kucheka alifuta macho na kukaa vizuri. Alimuuliza kama yeye amemdanganya mtu. Salvator alisema hapana, hakuna aliyemuuliza. Emerance akasema basi anyamaze, kazi ipatikane, neno ni neno, na kama Wakongo wameamua kulielewa wanavyotaka, hilo ni la kwao. Salvator aliona hoja hiyo ina nguvu. Aliirudia kichwani alipokuwa anakata nyasi, na alipozimaliza akaanza kukata za jirani.

Jumatatu aliweka paleti za rangi mahali pa paleti za dawa ya kuoshea vyombo. Jumanne aliipitiliza njia ya kwenda kazini hadi akajikuta anageuza gari kituo cha mafuta asichokijua. Kila mtu aliyekutana naye alimsifia utulivu wake, na kila sifa ilimwongezea kiwewe. Mwenzake wa ghalani, Oloo, Mkenya, aliona video na kumwambia, "Buda, wewe ni barafu." Salvator alijibu asante huku akigonga vidole kwenye usukani wa foklifti kama mtu anayepiga ngoma.

Jumatano aliitwa na Doyle, mkuu wa michezo wa chuo. Doyle alikuwa mtu wa suti na viatu vya kukimbilia, mwenye haraka lakini si mbaya. Alimweleza waziwazi kwamba mpaka wiki iliyopita kazi ilikuwa ya Bahizire. Hakuna aliyewahi kutilia shaka ujuzi wa Salvator, walichoogopa ni papara yake. Sasa Kerryn ameandika barua mpya. Doyle alimsomea kipande: dakika ya themanini na tisa, bao liko wazi, na mtu huyu akachagua usalama wa timu.

Salvator alisikiliza huku goti lake likicheza chini ya meza. Kulikuwa na nafasi ya kusema, ndefu ya kutosha, kwa sababu Doyle alikuwa anatafuta kalamu. Aliitumia nafasi hiyo kutazama kibao cha jina kwenye mlango wa ofisi ya jirani na kuwaza herufi za Habonimana zitaeneaje. Kisha akasaini mkataba. Alipotoka alifurahi, tusimsingizie. Alifurahi mpaka kwenye maegesho, akampigia Emerance, wakapiga vigelegele wote wawili kwenye simu, na baada ya hapo akashindwa kukumbuka ameliweka wapi gari.

Alhamisi jioni yalikuwa mazoezi yake ya kwanza kama kocha mkuu. Yalipoisha, wachezaji wakaenda kubadili nguo, Falone akabaki amekaa kwenye nyasi akivua viatu polepole.

"Papa Salvator, miye niko na swali moja. Haiko mbaya."

"Uliza."

"Ile Jumamosi, pale mwisho. Ile nafasi, weye uliiona?"

"Niliiona."

"Na ukasema nifunge."

"Nilisema ufunge."

"Sawa." Alikunjua soksi. "Sababu kulikuwa mwanamke mumoja pale. Wa club moja kubwa, anatafuta wachezaji. Alikuya kuniangalia miye. Mbele ya mechi kuanza aliniambia, I want to see you run at people. Njo maana nilikuwa naenda. Nikasikia weye unasema funga, nikawaza, Papa Salvator anajua kitu miye sijui. Jana ameniandikia. Anasema niko beki muzuri, lakini sina roho ya kuenda mbele."

Hakuwa analia. Alikuwa anaipanga soksi ndani ya kiatu kwa uangalifu mwingi.

"Sikulaumu, Papa. Nilitaka tu kujua kama uliiona."

Salvator alisimama pale na filimbi shingoni. Kila neno alilomjibu lilikuwa la kweli, na bado alikuwa amemdanganya. Aliona aibu kali, ya kupandisha joto masikioni. Wiki nzima alikuwa anahesabu kosa hili kama kitu kilichomwangukia yeye peke yake, kama bahati. Hata siku moja hakuwa amejiuliza yule binti alipoteza nini alipogeuka.

"Falone," alisema. "Kwetu, funga ni goli."

"Nini?"

"Kambini, Tanzania. Kwenye redio. Amefunga maana yake ametia goli. Nilikuwa nakuambia uende. Nilikuwa nakuambia ukatie."

Falone akacheka kicheko kifupi kisicho na raha.

"Kwetu goli tunatia. Ungesema tia, ningetia." Akaweka kiatu chini. "Kwa hiyo ule mutu wa video, mwenye kutulia. Njo miye."

"Ndiyo wewe."

"Na kazi umepata weye."

Salvator aliomba namba ya yule mwanamke. Falone aliitafuta kwenye simu, lakini kabla ya kumpa akaishika kifuani.

"Utamwambia nini? Kwa English hakuna funga. Itabidi uchague." Alifikiri haraka, alikuwa binti mwerevu. "Sema uliniambia nirudi. Ni vile tu. Miye nitakuwa mchezaji mwenye kusikia coach, na weye utabaki na kazi. Hakuna mwenye atapoteza."

Ilikuwa hesabu safi. Mtu mwingine angeikubali na kumshukuru Mungu, na pengine angefanya vyema. Salvator alitembea mpaka kwenye goli na kurudi. Sitaki kumfanya mtakatifu: ukweli ulimsukuma, lakini kiburi kilimsukuma zaidi. Alikuwa ameona nafasi ile kabla ya kila mtu uwanjani. Maisha yake yote alikuwa anasubiri kuiona nafasi ya namna ile akiwa yeye ndiye mwenye neno. Sasa apige simu aseme kwa mdomo wake kwamba aliiona na akamwita mchezaji nyuma? Wamsifie kwa hilo mpaka azeeke? Afadhali foklifti.

Alipiga simu palepale, Falone akisikiliza. Alieleza kwa Kiingereza chake cha ghalani, kilichonyooka. Alisema alimwambia mchezaji akafunge bao. Alisema neno lina maana mbili, kwamba mchezaji alikuwa tayari anakimbia, na kwamba alisimama kwa sababu ya sauti ya kocha wake na si kwa kukosa roho.

"So the famous call," alisema yule mwanamke, "wasn't a call."

"No, madam. It was me, shouting."

Mwanamke akacheka, akasema atakuja kwenye nusu fainali kumtazama Falone tena, ila safari hii wampange mbele ili asiwe na kisingizio. Falone alificha uso kwa viatu vyake. Salvator alimwambia aende nyumbani, mama yake atakuwa anamsubiri, kisha akapanda ngazi za jengo la utawala mbilimbili. Taa ya Doyle ilikuwa bado inawaka, na alijua kwamba akingoja mpaka kesho, Emerance atamshinda kwa hoja.

Doyle alisikiliza akiwa amesimama, mkoba mkononi. Ilibidi aelezwe mara mbili. Mara ya pili alikaa chini, akajipangusa paji la uso, na kwa haki yake alijaribu kumsaidia. Alisema lugha ni lugha. Alisema matokeo ni yaleyale, timu imeingia nusu fainali, na barua ya Kerryn inaweza kubaki kwenye faili bila kumdhuru mtu. Kilichompa shida ni kitu kimoja tu, na alitaka kukisikia kabla hawajaachana.

Alimuuliza: sare ilikuwa inatosha, dakika zimekwisha, ukipoteza mpira pale unaweza kufungwa na msimu ukaishia hapo. Yote hayo sasa unayajua, na umekuwa na siku tano za kuyafikiria. Ukirudishwa pale leo, umetulia, hakuna kelele, utamwambia nini yule mchezaji?

Ulikuwa mlango, na Salvator aliuona jinsi Doyle alivyoufungua kwa wema. Jibu lililotakiwa lilikuwa fupi na rahisi. Angesema amejifunza. Angesema angemrudisha. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti alichokaribishwa na hajakikalia, na aliona ubavu ule wa kushoto, mtupu, kijani, na binti anaanza kukimbia.

"Score," alisema Salvator. "I tell her score."

Doyle akafungua droo na kutoa faili lenye mkataba wa Salvator.

Ijumaa mchana, katikati ya shifti, simu yake ilitetemeka. Bahizire alikuwa ameteuliwa kocha mkuu, na ujumbe wake ulikuwa mrefu, wa mtu mwenye haya. Alisema hakuiomba nafasi hii, kwamba ameelezwa yote, kwamba akimkosa Salvator hataweza, na kwamba anamsihi, kama ndugu, abaki kuwa msaidizi wake.

Salvator alizima foklifti. Roho ilimuuma sana, akaiacha iume. Alizunguka paleti mara tatu, nne, akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Hongera, kaka. Nipo. Kesho Falone acheze winga. Na akipata mpira, usiseme kitu, hata mimi nitajitahidi."